Tushindane kwanza, baiskeli ya bei tutanunua baadaye

Leo tuna neno juu ya haya mashindano ya baiskeli za milimani, maana tunaona kitu hakiendi sawa.

Tangu yaanze kwenye vilima vya nyuma ya kambi, wengi wanasema, "Mimi nitaingia siku nikipata baiskeli ya springi." Wengine hawangoji. Mwenzetu mmoja aliuza mbuzi wawili wa mama yake, akanunua mjini moja iliyotumika, yenye springi mbele na gia nyingi. Alishindana mara mbili tu. Kumbe ilikuwa kubwa kuliko mwili wake, mgongo ukawa unamuuma. Halafu springi ikaanza kuvuja mafuta, na mafundi wetu hapa hawana vipuri vyake. Sasa baiskeli inalala ndani, na mbuzi hawapo.

Hatumcheki. Hata sisi tungeweza kufanya hivyo. Lakini tunasema: jaribu kwanza na kinga uliyo nayo, ile ya kila siku, au uazime.

Hata walioanza mchezo huu hawakuwa na baiskeli maalum. Mwaka 1976, huko California, Marekani, vijana walianza kushindana kuteremka njia moja ya mlimani iliyoitwa Repack. Walipanda baiskeli kuukuu, nzito, za kufunga breki kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume. Wakifika chini, grisi ndani ya habu imeshaungua, inabidi kufungua na kupaka upya. Jina la njia lilitoka hapo. Baiskeli za kutengenezwa kwa ajili ya mlima zilikuja baadaye, watu wakiwa wameshajua nini kinavunjika na nini kinakosekana.

Nasi tufanye vilevile. Toa keria, stendi na madigadi. Kaza nati zote. Punguza upepo kidogo tairi lishike udongo, ila usizidishe, jiwe litabana mpira upate pancha. Tembea njia yote kwa mguu kabla ya siku. Kilima kikikushinda, shuka usukume, si aibu.

Jambo moja hatutanii: breki. Hizi kinga za kubebea ndizi na majerikeni, breki zake za vyuma hazishiki vizuri kwenye mteremko mkali, mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Penye mteremko huo shuka, uikokote. Na helmeti ni lazima, hata ya kuazima.

Kwa hiyo ile akiba ya kikundi tusiitoe kwa baiskeli moja ya mtu mmoja. Tununue helmeti za kupokezana na mipira ya breki kwa wote.

Ukishindana mara tatu nne, utajua kama mchezo unaupenda kweli, na kama pesa yako iende kwenye breki, tairi au gia. Hapo nunua, hatutakuzuia. Ila kwa sasa, mbuzi wa mama wabaki zizini.