Umebeba Nini?

FOLENI: safu ya kila wiki ya Mzee wa Foleni

Wiki hii nimeulizwa swali moja mara tatu, na watu watatu wasiojuana: "Umebeba nini?" Sikuwa na lori. Sikuwa na gunia la sukari. Nilikuwa na kayaki ya plastiki ya manjano na kitambi mnachokijua.

Niseme mapema kwamba nimekasirika, ili asiyependa hasira arukie ukurasa wa michezo. Sisi watu wa mpakani tumeharibika. Hatuamini tena kwamba kitu kinaweza kutembea bila mzigo.

Chanzo ni mpwa wangu. Anafanya kazi Kilifi, kwenye ule mkono wa bahari ambako wageni hukodi kayaki wakazurura kando ya mikoko bila haraka. Mwajiri wake alipotaka kutupa moja iliyopasuka, kijana akaiziba, akaipakia kwenye basi, akaileta Chakol kwa shangwe kama mtu aliyeleta mahari. Jumamosi alfajiri tukaifunga juu ya matatu. Pale Busia kondakta wa gari jingine akavua kofia, akaniuliza kwa upole marehemu alikuwa nani. Nikamwambia ni mimi. Akatafakari kidogo. "Na ndani mmebeba nini?" Huyo wa kwanza.

Tulifika Sio Port mapema kwa sababu ziwa la asubuhi si ziwa la mchana. Jua likishapanda, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani, na hapo mwanafunzi wa kayaki anaweza kuhamia ukurasa wa matangazo ya vifo. Mpwa wangu akanivisha jaketi la kuokoa maisha, akalikaza hadi nikawa napumua kwa awamu, akanikalisha kwenye maji ya magoti. Kafi la kayaki lina bapa huku na bapa kule, kwa hiyo ukikosea upande mmoja unapewa nafasi ya kukosea na wa pili. Nilizunguka palepale kama mbwa anayetafuta pa kulala. Nikapinduka. Nikapanda tena, makalio yameloa, heshima ya mjomba imekwenda na maji.

"Mjomba, usivute kwa mikono, zungusha kifua. Halafu usiangalie kafi, angalia unakokwenda."

Nikaangalia ninakokwenda, nikaenda. Hivyo tu. Maji yakawa yanateremka kwenye mpini na kunidondokea mapajani, baridi, tone kwa tone, na mkia wa kayaki ukaacha ubishi. Kando ya mafunjo mdiria, yule mweusi kwa mweupe, akaganda hewani akipiga mbawa, akajitupa majini, akaibuka na kisamaki. Miaka yote nimekuja hapa kununua samaki, sijawahi kumwona muuzaji huyu kazini.

Ndipo ukapita mtumbwi wa wavuvi, watu watatu wametoka kukesha, omena chini inametameta. "Mzee, unaenda wapi?" Siendi popote. "Umetoka wapi?" Pale. "Sasa umebeba nini?" Nikasema sijabeba kitu, najifurahisha tu. Wakatazamana kama watazamanavyo ndugu mgonjwa anapoanza kuzungumza na dari. Mmoja akanionya kuhusu viboko, na kwa hilo namshukuru. Kichocho nilikuwa nakiogopa tayari.

Wa tatu alinisubiri ufukweni. Kijana wa sare, sisemi sare ya nani, maana napita Malaba kila wiki. Akaigonga kayaki kwa kidole, ikaitika kama ngoma.

"Humu ndani kuna nini?"

"Hewa."

"Hewa ya wapi?"

Wasomaji wangu, Kenya ina asilimia 6 hivi tu ya ziwa lile. Tanzania na Uganda wamegawana lililobaki. Na katika hiyo asilimia 6, mzee mwenye wajukuu anatakiwa kueleza uraia wa hewa yake!

Najua ugonjwa huu ulikoanzia. Neno bodaboda lilizaliwa hapa kwetu, kwenye baiskeli zilizovusha watu na vifurushi kutoka kizuizi hadi kizuizi. Leo Afrika Mashariki nzima inalitamka, nami huvimba kichwa nikilisikia Dar es Salaam. Lakini tangu siku zile, kiti cha nyuma kikiwa kitupu tunaona kuna jambo linafichwa. Kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa Busia mwaka 2018 tulishangilia kwamba mizigo itapita haraka. Simkumbuki aliyeshangilia kwamba yeye mwenyewe atapita. Ng'ambo hapo Jinja wageni wameporomoka na kayaki kwenye maji makali ya Nile miaka nenda miaka rudi, na hakuna anayewauliza wamebeba nini. Wanaulizwa wamelipa ngapi. Hao ni watu wastaarabu.

Jumapili nikadhani nitapata faraja kwenye mtungi wa ajono. Mzee mwenzangu akaniuliza nimerudi na samaki wangapi. Hata mmoja. Akavuta mrija, akanyamaza kitambo. "Basi ulikuwa unapeleleza." Mpwa wangu, ambaye Kilifi imemfunza kusema mbele ya wazee, akaeleza kwamba kayaki ilibuniwa na Wainuiti wa kaskazini ya mbali, walioitengeneza kwa ngozi za sili na kuiendea mawindoni.

"Umesikia?" mzee akasema. "Hata wenyewe walirudi na nyama."

Kijana nitamsamehe Krismasi.

Jumatano nikarudi Sio Port nikiwa nimepata akili. Kabla ya kuingia majini nikanunua gorogoro moja ya omena, nikaifunga kwenye mfuko, nikaiweka mbele yangu ionekane. Nikazunguka saa nzima. Wavuvi wakanipungia mkono bila swali. Nikateleza kwenye mafunjo, nikamsalimia mdiria, nikarudi ufukweni taratibu, omena yangu ikinuka uraia mwema.

Yule wa sare akainama, akafungua mfuko, akaangalia.

"Mzee, risiti iko wapi?"