Shule ya Mtaa Haihukumiwi Barazani

Tangu sekondari ya msingi ilipowekwa ndani ya shule za msingi za serikali mwaka 2023, mtoto wa Kaloleni au Manyatta, mjini Kisumu, aweza kusoma hadi gredi ya 9 karibu na kwao. Hata hivyo wako wazazi wa Kiislamu wanaosita. Husema: pale ni mchanganyiko wa kila kabila na kila dini; mwanetu ataharibika.

Hofu ya mzazi si ya kudharauliwa. Lakini wengine hawajaikanyaga shule yenyewe. Wamesikia tu barazani. Mbuzi hanunuliwi guniani.

Elimu ya dini ya Kiislamu imo katika mtaala wa serikali, ila haiji yenyewe: yataka wanafunzi wa kuisoma na wazazi wa kumdai mwalimu. Tukiwaondoa wanetu, mtoto wa jirani asiye na karo ya shule ya binafsi atabaki peke yake, wala hatakuwa na wa kumsemea.

Nasi wa pwani tusijitoe. Mombasa nako maneno ni yayo hayo. Dini hupandwa nyumbani na chuoni. Wazazi, nendeni kwanza mkutanoni shuleni, ndipo mhukumu.