Mgongo Wetu na Imani Yetu

Sisi wa Karagwe na Kyerwa tunaujua uzito wa kazi: jembe shambani, mkungu wa ndizi kichwani, mtoto mgongoni. Mama akifundishwa zahanati mazoezi ya kunyoosha kiuno, jirani humwambia, "Hiyo ni yoga, ni ibada ya miungu." Basi huyaacha, akabaki na maumivu yake.

Tuseme kweli. Yoga ilianzia India, na kwa Wahindu wengi ni njia ya kiroho. Neno lenyewe la Kisanskriti maana yake ni kuunganisha. Nyimbo na tafakari za kuabudu miungu, Mkristo ataziacha, bila kumdharau anayezifuata. Lakini kupiga magoti, kuweka viganja chini, kisha kuinua mgongo na kuushusha taratibu, hayo si ibada. Ibada hutoka moyoni.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mazoezi kwa wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Naye Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo, hakuyakataa mazoezi ya mwili, aliutanguliza utauwa.

Kwa hiyo, mama, baada ya sala ya asubuhi tandika mkeka, ujinyooshe, ukimshukuru Mungu kwa kila pumzi. Ukiwa mjamzito, muulize kwanza muuguzi. Miguu ikifa ganzi, au mkojo ukikutoka bila kujijua, usingoje: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwili huu nao tumepewa tuutunze.