Saa Iliyokimbia na Amana ya Fundi

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), aliyeupambanua usiku na mchana na akazifungamanisha ibada zetu na nyakati maalumu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, leo tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo huenda likaonekana dogo, nalo ni saa ya mkono na namna inavyoungwa. Hatukulichagua kwa kupenda mapambo. Limetufika sisi wenyewe, likagusa saumu ya watu.

Katika Ramadhani ya mwaka 1444 Hijria, iliyoangukia Machi na Aprili 2023, tulialikwa kufuturu katika kijiji kimoja cha kusini mwa Unguja. Masika yalikuwa yameingia, mbingu imefunga mawingu tangu alasiri, jua halionekani, na umeme umekatika. Mwadhini wa msikiti ule ni mzee muaminifu ambaye watu wamemzoea kwa miaka mingi. Akaitazama saa yake, akaadhini, nasi tukafungua kwa tende na maji. Hatujamaliza tende ya pili, redio ya betri katika nyumba ya jirani ikawa bado inasoma Qur-ani. Ilikuja kuadhini dakika saba baadaye.

Mtu wa mambo ya nyakati atasema kwamba adhana ya redio ni ya Mjini, na kusini-mashariki ya Unguja jua hutua mapema kidogo. Ni kweli. Kila digrii moja ya longitudo ni dakika nne, na baina ya Makunduchi na Mji Mkongwe hakufiki nusu ya digrii. Kwa hiyo tofauti ni kiasi cha dakika moja na nusu tu. Zilizobaki zote ni za saa.

Mzee wetu alikaa kimya, kisha akatwambia kwa sauti ya chini: “Sheikh, nimewafuturisha watu mchana.”

Kuhusu hukumu, tuliwaeleza jamaa waliokuwapo kwamba jambo kama hili si geni. Imepokewa kutoka kwa Bibi Asmaa bint Abi Bakr (R.A.) kwamba katika zama za Mtume (S.A.W.) watu waliwahi kufungua siku ya mawingu, kisha jua likadhihiri. Aliyefungua kwa kumtegemea mwadhini muaminifu hana dhambi. Hata hivyo, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, nayo ndiyo tuifuatayo katika madhehebu ya Imamu Shafi, ni wajibu ajizuie mara tu anapojua, kisha ailipe siku ile. Hukumu hiyo ilikuwa wazi. Lililobakia katika nyoyo zetu lilikuwa swali jengine: kosa hili ni la nani?

Saa ile ilikuwa zawadi kutoka kwa mjukuu wake anayefanya kazi Maskati. Aliinunua kwa njia ya intaneti, kwa zaidi ya dola 200, kutoka kwa moja ya zile kampuni ndogo zinazojitegemea ambazo katika miaka ya karibuni zimekuwa nyingi mno duniani. Ni saa nzuri kuitazama: chuma kizito, uso wa buluu, na nyuma yake pameandikwa kwamba inastahamili maji mita 100. Tuliomba ruhusa, tukaichukua hadi Mjini kwa fundi wa saa, mtu mzima aliyeifanya kazi hii tangu ujana wake.

Fundi aliweka kwanza dira ndogo juu ya meza na kuisogeza saa karibu yake. Sindano ya dira ikayumba. “Imeshika sumaku,” alisema. Ndani ya saa ya kamani mna kamani nyembamba kama unywele, iliyojizungusha mara nyingi, nayo ndiyo inayolipa gurudumu la mizani mwendo wake. Ikiingia sumaku, mizunguko yake hushikana, kamani ikawa kama imefupishwa, na saa ikakimbia. Tulipomuuliza mzee huwa anaiweka wapi saa yake akitawadha, akatujibu kuwa huiweka juu ya spika ya msikiti. Na ndani ya kila spika mna sumaku kubwa.

Laiti habari ingeishia hapo, tungesema kosa ni letu sote na tukanyamaza. Lakini fundi aliufungua mfuniko wa nyuma akatuonesha mengine. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umebanwa vibaya tangu siku ya kufungwa, sehemu yake imetoka nje ya mfereji wake na kukatika, na ukungu wa kutu umeanza pembeni. Parafujo moja kati ya zile zinazoishikilia mashine ilikuwa imelegea, inazunguka kwa kuguswa na ncha ya bisibisi. Chini ya kioo mlikuwa na unyuzi wa kitambaa. Mshale wa dakika ulipofika juu kabisa, mshale wa saa ulikuwa umeshaipita alama yake. Na baada ya kuiondoa sumaku, bado saa ilikuwa ikizidisha zaidi ya nusu dakika kwa siku, kwani haikuwahi kurekebishwa mwendo. “Maalim,” alisema fundi, “mashine hii si mbaya. Aliyeifunga ndiye aliyekuwa na haraka.”

Maneno haya yanahitaji ufafanuzi. Nyingi ya kampuni hizi ndogo hazina kiwanda. Mwenye kampuni huchora umbo la saa katika kompyuta. Kasha, uso na mishale hutengenezewa na viwanda vya watu wengine, aghalabu China. Mashine hununuliwa tayari kutoka Japani, kwa jamaa za Seiko au Miyota iliyo chini ya Citizen, au kutoka Uswisi. Kisha vyote huungwa na kiwanda cha kukodi, saa mia chache kwa mkupuo mmoja, na mara nyingi wanunuzi wameshalipa kabla ya saa ya kwanza kuwepo. Hakuna aibu yoyote katika biashara hii. Hata majahazi yetu hayakutokana na mkono mmoja: mbao za huku, misumari ya kule, tanga la kwengine. Wahenga wamesema, usione vyaelea, vimeundwa. Lakini chombo chenye mbao nzuri kikikalafatiwa ovyo kitazama, na mbao hazitakuwa na lawama.

Na hapa ndipo penye hila ya maneno. Tangazo husema “mashine ya Kijapani”, na mnunuzi hufahamu kwamba amenunua usahihi. Mashine moja inayotumiwa sana na kampuni hizi, iitwayo NH35, watengenezaji wake wenyewe wameikadiria kupunguza hadi sekunde 20 au kuzidisha hadi sekunde 40 kwa siku. Tufanye hesabu ya madrasa: sekunde 40 mara siku 10 ni sekunde 400, yaani dakika sita na sekunde 40. Saa isiyo na ila yoyote kwa mujibu wa karatasi yake inaweza kuwafuturisha watu kabla ya wakati ikiwa haikulinganishwa kwa siku kumi tu. Mashine hiyo hiyo, ikikaa mbele ya fundi mstahamilivu, huweza kurekebishwa ikaenda vizuri kuliko hivyo. Lakini kurekebisha kunataka muda, na muda ni gharama, na gharama ndiyo inayokwepwa. Saa ya betri ya bei ndogo kabisa hapo Darajani kwa kawaida haipotezi zaidi ya sekunde 20 kwa mwezi mzima.

Vivyo hivyo katika maji. Maandishi ya “mita 100” hayana maana kwamba mtu azame nayo kiasi hicho. Ni kipimo cha shinikizo, saa ikiwa mpya na imetulia. Katika utaratibu wa kimataifa wa saa za kawaida, ISO 22810, inajuzu kupima baadhi tu ya saa kwa niaba ya nyenginezo. Za wapiga mbizi halisi, ISO 6425, ndizo zinazotakiwa kupimwa moja baada ya moja. Na maandishi hayawezi kuurejesha mpira uliokatika mahali pake. Kwetu sisi watu wa kisiwani, tunaotawadha mara tano kwa siku na ambao jamaa zetu huenda ngalawani kila asubuhi, hili si jambo la anasa.

Sasa turejee katika swali letu. Uislamu haukuiacha biashara bila ya mizani. Sote tunakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akautia mkono wake katika rundo la nafaka, akakuta chini kuna maji na juu pakavu. Muuzaji alitoa udhuru wa mvua. Hakukubaliwa, kwani alitakiwa aiweke ile ya maji juu ili watu waione. Tuzingatie kwamba mvua haikuwa kosa lake. Kosa lake lilikuwa kuificha. Mfuniko wa saa uliofungwa ni kama lile rundo: mnunuzi huona juu pakavu, wala hana mkono wa kuutia ndani.

Mafakihi wamempa mnunuzi khiyari ya aibu, yaani haki ya kurudisha kitu akigundua ila iliyokuwapo kabla ya kukipokea. Haki hiyo inamtaka asichelewe pindi anapoijua ila. Kwa hiyo dhamana ya mwaka mmoja inayoandikwa na kampuni ni mkataba wao, wala haimfutii muuzaji dhima ya ila aliyoiuza nayo. Mjukuu alipowaandikia, alijibiwa kwamba mwaka umepita. Kwa mizani ya sharia jibu hilo halitoshi.

Lakini uadilifu hauna upande mmoja. Mafakihi hao hao wamesema kwamba kikizuka kwa mnunuzi aibu mpya, hana tena haki ya kumlazimisha muuzaji akipokee kitu. Hubakia kudai fidia ya upungufu ule wa zamani, au wasikilizane. Sumaku ni ya kwetu, hatuwezi kumtwika fundi wa mbali. Mpira uliokatika, parafujo iliyolegea na mwendo usiorekebishwa ni vya kwao. Hii ndiyo rai yetu, na tunaona ni wajibu wa kila mlalamikaji aitenganishe ila aliyoitia mwenyewe na ile aliyouziwa kabla hajafungua kinywa.

Wapo watakaosema kwamba wafanyabiashara wadogo wahurumiwe, kwani hata kampuni kubwa huuza saa zenye alama zilizopinda. Tunakubali kwamba wakubwa nao hukosea, na tunawapenda wadogo wanaojaribu. Lakini mtu mdogo ana nafasi ambayo mkubwa hana. Anayetoa saa 300 anaweza kuzifungua 300 na kuzitazama moja moja. Mwingereza George Daniels, aliyefariki mwaka 2011, alitengeneza kwa mikono yake karibu kila kipande cha saa zake katika karakana yake kisiwani Man, na mbinu aliyoibuni ikachukuliwa na Omega mwaka 1999. Na kabla yake kwa karne nyingi Ibn al-Shatir, muwakiti wa Msikiti wa Bani Umayya wa Damaskasi, aliweka katika mnara wake kipima jua cha mwaka 1371 kilichochongwa kwa hesabu za hali ya juu. Hawa hawakuwa na viwanda. Walikuwa na itqani, nako ni kuikamilisha kazi kama kwamba Mwenyezi Mungu anaitazama, naye kwa yakini anaitazama.

Wala kazi njema haimwondolei mwenye nayo wajibu wa kuiangalia. Beit al-Ajaib yetu ilijengwa mwaka 1883, na mnara wake wa saa ukaja baada ya mizinga ya tarehe 27 Agosti 1896. Vizazi vya watu wa Mji vilinyanyua macho pale kujua wakati. Tarehe 25 Disemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu kubwa ya jengo iliporomoka pamoja na mnara ule, na watu wawili wakapoteza maisha. Kinachopuuzwa kwa muda mrefu kina siku yake.

Basi tunausia mambo machache. Misikiti yetu isitegemee saa ya mkono ya mtu mmoja, bali iwe na saa ya betri ukutani, ilinganishwe kila wiki na chanzo cha kuaminika, na saa zisiwekwe juu ya spika. Anayenunua saa ya kampuni ndogo aulize kabla ya kulipa: nani ameifunga, imerekebishwa mwendo, imepimwa maji yenyewe au mwenzake? Asiyejibiwa asinunue. Kabla ya kuitia majini ampelekee fundi wa hapa, ambaye ujira wake ni mdogo kuliko hasara. Na vijana wetu wanaotafuta kazi wakae chini ya mafundi hawa wazee kabla elimu yao haijaondoka nao.

Ama mzee wetu, baada ya Idi alizunguka nyumba kwa nyumba kwa wote waliofungua kwa adhana yake, akiwakumbusha kulipa siku moja na kuwaomba radhi. Hakuna aliyemlaumu. Yeye mwenyewe alishalipa ya kwake siku ya pili ya Shawwal. Fundi aliibadilisha ile mpira, akaikaza parafujo na kuirekebisha mwendo, wala hakupokea ujira alipojua ni ya nani. Saa bado iko mkononi mwa mzee, na kila siku kabla ya adhuhuri huilinganisha na redio.

Ikiwa mwadhini wa kijijini ameibeba dhima ya dakika saba nyumba kwa nyumba, basi aliyeifunga saa ile kwa haraka, hata akiwa mbali kiasi gani, naye ana dhima yake.

Wabillahi tawfiq.