Namungo: Mwacheni Mpanga Kikosi

Namungo ikifungwa, vijiwe vya Ruangwa na Nachingwea huwa na mshitakiwa mmoja tu: kocha kakosea kupanga kikosi. Fulani kaanzia benchi, fulani kachezeshwa pembeni ilhali ni mtu wa kati. Kelele zikishapanda, haupiti muda mrefu tunasikia tangazo tulilolizoea: klabu na kocha wameachana.

Tangazo hilo limenichosha. Cedric Kaze aliingia 2023, na mwaka haukuisha akawa ameshaondoka. Mwinyi Zahera naye hakukawia. 2024 kiti kikawa cha Juma Mgunda. Kabla yao walipita Hitimana Thierry, Hemed Suleiman 'Morocco', Honour Janza na Denis Kitambi. Kwa timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019, hiyo ni foleni. Nasema mapema ili tusizungushane: upangaji wa kikosi una uzito mdogo kuliko tunaoupa, na makocha wetu wanabebeshwa makosa ya usajili.

Wenye hoja tofauti wanayo ya kusema. Kocha anayemwanzisha beki ambaye hajapona anastahili lawama, na anayeng'ang'ania jina huku kijana mwenye kasi akiota jua benchi anastahili zaidi. Watanikumbusha pia Februari 2021. Namungo walikwama Luanda kwa sababu ya vipimo vya korona, mechi zote mbili dhidi ya Primeiro de Agosto zikahamishiwa Dar es Salaam, na baadhi ya wachezaji wakabaki karantini Angola. Kikosi cha kuungaunga kikashinda 6-2, kikapoteza marudiano 3-1, na bado kikaingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Si hiyo kazi ya mpangaji? Sehemu yake ni kazi yake, nakubali.

Lakini tuendelee na hadithi hiyohiyo, maana wengi huikatia hapo. Mwezi uliofuata yalianza makundi. Kocha alikuwa Hemed 'Morocco' yuleyule aliyewatoa Waangola, na kalamu iliyoandika majina kumi na moja ilikuwa ileile. Wapinzani walikuwa Raja Casablanca, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia. Namungo walicheza mechi sita, wakafungwa zote sita, na hawakupata bao hata moja. Raja ndio waliobeba kombe msimu huo. Mwalimu aliyepachika mabao sita kwa Waangola hakusahau kupanga timu ndani ya wiki chache. Alikutana na watu waliokuwa na wachezaji bora kuliko wake, tena wengi.

Na wake walikuwa akina nani? Msimu wa 2019/20, chini ya Hitimana, Namungo walimaliza nafasi ya nne katika ligi ya timu 20 na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani, wakafungwa 2-1 na Simba pale Sumbawanga. Mshambuliaji wao tegemeo alikuwa Reliants Lusajo. Dirisha lilipofunguliwa, Lusajo akaenda KMC. Kwa hiyo timu ilipokwenda kuwakabili Raja na Pyramids, mfungaji wake wa msimu uliotangulia hakuwamo hata kwenye orodha ya kuchagua. Kocha hupika kwa alichokikuta jikoni. Hitimana naye, aliyewafikisha fainali hiyo, aliondoka kabla mwaka 2020 haujaisha.

Sheria ya kubadili wachezaji watano, iliyoanza kwa muda 2020 na kuwa ya kudumu 2022, imeongeza pengo la wachezaji kati ya klabu kubwa na ndogo. Simba au Yanga wakitoa mshambuliaji dakika ya sitini, anaingia mwingine ambaye angeanza katika timu yoyote ya mikoani. Kocha wa Ruangwa akigeuka nyuma anaona vijana wenye moyo, waliokaa ndani ya basi kutoka kusini hadi Kigoma kuwafuata Mashujaa. Hapo mbinu gani itamsaidia?

Wamarekani, watu wa kuhesabu kila kitu, wamepima uzito wa upangaji katika besiboli yao, mchezo ambao mpangilio wa wapigaji hujadiliwa kama dini. Wachambuzi waliolipigia hesabu wakakuta kwamba kutoka mpangilio wa kawaida hadi ulio bora kabisa, faida ni kama ushindi mmoja katika msimu wa mechi 162. Soka si besiboli, na uchaguzi wa nani acheze ni mzito kuliko wa nani atangulie. Hata hivyo, wao wana mechi 162 za kupima na sisi tunatoa hukumu ya kocha kwa mechi tano!

Basi inatosha. Kiongozi anayesajili bila kumuuliza mwalimu, kisha akakaa jukwaani Uwanja wa Majaliwa akitikisa kichwa kwa masikitiko, hana haki ya kutikisa kichwa. Kila kocha mpya anakuja na mazoezi yake na mfumo wake, anakuta wachezaji waliochaguliwa kwa ajili ya mwingine, na kabla hajapata dirisha lake la usajili tunamwambia kwaheri.

Ndugu zangu mnaotoka Nachingwea na vijijini kujaza uwanja ule, timu ikifungwa tena msiulize kwanza nani kaanzia benchi. Waulizeni viongozi nani alisajiliwa, nani aliachwa aondoke, na nani alitia saini.