Lango la Dongo Kundu na Kijana wa Timbwani

Meli zinazoingia na kutoka Kilindini hupita karibu sana na ufuo wa Likoni, hata wenyeji wa Timbwani wamezizoea na hawashughuliki kuzitazama. Mali ya Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo ya mashariki hupita mlangoni pao usiku na mchana: chai na kahawa zaenda, magari, ngano na nguo zaja. Lakini katika shehena yote hiyo ni kidogo mno kilichotengenezwa ng'ambo yao. Kijana wa Timbwani atafutaye kazi ya kiwandani hupanda feri akavuka mpaka kisiwani, kisha akatafuta gari la kumfikisha Changamwe au Miritini. Na jioni hurudi kwa njia ile ile, amechoka, na sehemu ya mshahara wake imekwisha kuliwa na nauli.

Wako watu wapendao kusema kwamba jambo hili latokana na uvivu wa watu wa Pwani. Usemi huo ni wa watu wasiotazama ramani. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896 ilitoka kisiwani, ikavuka Makupa, ikashika njia ya Changamwe kuelekea bara. Na viwanda, kama ilivyo desturi yao, vikaifuata reli. Ndiko kulikojengwa kiwanda cha kusafisha mafuta katika miaka ya 1960, ambacho kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Upande wa Kisauni, daraja la kuelea la Nyali liliwekwa mwaka 1931, na mwaka 1954 kiwanda cha saruji cha Bamburi kikaanza kazi, kwa kuwa mawe ya matumbawe yamejaa tele huko. Likoni ilipata feri mwaka 1937. Ni baraka kubwa, na yakadiriwa kwamba watu zaidi ya laki tatu huvuka kila siku. Lakini mwenye kiwanda hupiga hesabu ya saa kama apigavyo hesabu ya shilingi, na hakuna apendaye lori lake lingoje katika msururu wa kivukoni ilhali meli yaondoka. Basi mwenye mali akajenga kwingine, na Likoni ikabaki mahali pa kulala wafanyakazi.

Hali hiyo imebadilika. Barabara mpya ya Dongo Kundu, itokayo Miritini na kuipita bandari kwa upande wa magharibi, ilifunguliwa sehemu yake ya kwanza mwaka 2018. Na mwaka 2024, baada ya kumalizika madaraja ya Mwache na Mteza, magari yakaweza kufika mpaka Kibundani katika barabara ya Lunga Lunga bila kugusa feri. Daraja la Mteza peke yake lina urefu wa karibu kilomita moja na nusu. Kando ya barabara hiyo, katika ardhi ya Halmashauri ya Bandari ipatayo ekari 3,000, Serikali imetenga Ukanda Maalum wa Kiuchumi kwa sheria ya mwaka 2015, na Serikali ya Japani imeahidi kusaidia kwa gati, barabara, maji na umeme. Dongo Kundu ni jina alielewalo kila mkulima, kwa maana udongo wa huko ni mwekundu. Na wako waliokuwa wakilima muhogo na kupanda minazi katika ardhi hiyo, wengi wao bila hati, ambao imewapasa kuondoka. Hao wamekwisha kulipa sehemu yao ya maendeleo kabla ya kiwanda chochote kulipa ya kwake.

Yafaa msomaji afahamu vema jinsi ukanda wa namna hii unavyofanya kazi, maana maneno mengi husemwa mikutanoni na machache hufafanuliwa. Kampuni ya kawaida nchini hutozwa kodi ya asilimia 30 ya faida yake. Kampuni iliyo ndani ya ukanda hutozwa asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza, na asilimia 15 kwa miaka kumi inayofuata. Mitambo na mali ghafi iingizayo husamehewa ushuru wa forodha. Hakuna ubaya katika hayo. Lakini fedha isiyotozwa ni fedha ya umma, ambayo ingaliweza kujenga zahanati ama kuchimba kisima. Maadamu Serikali imekubali kuiacha, yapasa irudi kwa njia nyingine, na njia zenyewe ni tatu tu: mishahara, ujuzi, na manunuzi ya mazao ya wenyeji.

Mombasa haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1990 ilipitishwa sheria ya maeneo ya viwanda vya kutengeneza bidhaa za kuuzwa nje, na mwaka 2000 Marekani ikapitisha sheria ijulikanayo kwa jina la AGOA, iliyofungua soko lake kwa nguo za Afrika bila ushuru. Cherehani zikaanza kulia Athi River na upande wa Changamwe. Jora za vitambaa zilitoka China na nchi nyingine za Asia, zikakatwa na kushonwa hapa, zikapakiwa tena melini. Uzi ulitoka nje, vifungo vilitoka nje, hata boksi mara nyingine lilitoka nje. Kilichokuwa cha hapa ni mkono wa mshonaji, aghalabu mwanamke kijana. Mkono huo ukilipwa vibaya, wilaya haipati kitu. Mwanzoni mwa mwaka 2003 wafanyakazi wa viwanda hivyo, Athi River na Mombasa, waligoma kwa ajili ya mishahara na masharti ya kazi. Waliolalamika wakati ule kwamba mgomo utawafukuza wageni hawakuuliza wageni hao wangeacha nini nyuma yao kama wangeondoka.

Na Likoni yenyewe imepata kuwa bandari ya mali ya Kwale. Kuanzia mwaka 2014 madini ya kampuni ya Base Titanium yalisafirishwa kwa malori mpaka ghala lake la Likoni, yakapakiwa melini kwa mitambo, yakaenda ng'ambo za mbali ambako hufanywa rangi nyeupe ya kupaka nyumba na mambo mengine mengi. Uchimbaji ulikoma mwisho wa mwaka 2024, kwa sababu mchanga wenye faida ulikuwa umekwisha. Kwa miaka kumi Likoni iliuza nje mali ya thamani, lakini iliiuza ikiwa mchanga. Kijana aliyeajiriwa kupakia alijifunza kupakia. Kazi ya kugeuza mchanga kuwa rangi ilifanywa na vijana wa nchi nyingine.

Kinyume chake chaonekana katika Bahari hii hii ya Hindi. Kisiwa cha Morisi kilipata uhuru mwaka 1968 kikitegemea sukari karibu peke yake, na vijana wake walikosa kazi. Mwaka 1970 kilipitisha sheria ya viwanda vya bidhaa za nje, na katika miaka ya 1980 mapato ya nguo yakayapita mapato ya sukari. Wageni kutoka Hong Kong walikuja, ni kweli. Lakini wenyeji wenye mashamba ya miwa nao walitia fedha zao katika viwanda, kwa hiyo faida nyingi haikuhama. Tena mwaka 1976 Serikali yao ilitangaza kwamba masomo ya sekondari yatatolewa bure, na mabinti wa washona nguo wakawa makarani, wahasibu na wasimamizi. Haifai kuisifu Morisi kupita kiasi, kwa kuwa mishahara ya mwanzo ilikuwa midogo mno huko pia. Hata hivyo shule na mtaji wa wenyeji ndivyo vilivyoifanya sheria ile izae matunda.

Pwani hii haikosi mali ghafi. Kwale na Kilifi zina nazi, korosho, maembe na samaki. Ila historia ya korosho yapaswa kukumbukwa. Kilifi palikuwa na kiwanda kikubwa cha kubangulia, nacho kikafa katika miaka ya 1990. Na mwaka 2009 Serikali ilipopiga marufuku kuuza nje korosho zisizobanguliwa, mikorosho mingi ilikuwa imekwisha kuzeeka na mkulima amekata tamaa nayo. Katazo la Serikali haliwezi kupanda miti. Kama kiwanda cha mafuta ya nazi kitawekwa Dongo Kundu, minazi yake yapaswa kupandwa Msambweni na Matuga sasa, maana mnazi haungoji sherehe ya kukata utepe, nao huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri.

Kuhusu ujuzi, wazee wakumbuka chuo cha ufundi cha Waislamu kilichojengwa Tudor, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951, na ambacho tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Kilipoanza kulikuwa na wazazi waliona haya kumpeleka mwana wao kushika bisibisi. Walitaka awe karani. Fikira hiyo haijatoka kabisa. Huko Timbwani wako vijana waliomaliza kidato cha nne ambao hukaa barazani wakingoja kazi ya ofisini, na wako mabinti wasioambiwa na mtu yeyote kwamba mitambo ya friji, ya umeme na ya kushona yahitaji fundi wa kuitengeneza, na kwamba fundi huyo hulipwa zaidi ya mshonaji. Kiwanda kikifika na kumkosa fundi huyo hapa, kitamleta kutoka mbali, wala hakitafanya kosa la kisheria.

Kwa hiyo wakati wa kuuliza ni kabla ya kuta kusimama. Mwenye kupewa leseni ya kuingia katika ukanda aweza kuulizwa atafundisha wanagenzi wangapi kwa mwaka, wa wapi, na kwa muda gani. Atanunua nini kutoka kwa vyama vya wakulima. Na msamaha wake wa kodi utatazamwa tena lini. Maswali hayo hayahitaji mwanasheria. Yaweza kuulizwa katika baraza la chifu, na mwakilishi wa wadi akatakiwa alete majibu kwa maandishi. Na liko swali moja dogo zaidi, ambalo huenda likawa kubwa kuliko yote kwa mwanamke wa Timbwani. Makao yake yako upande wa bahari kuu, na Dongo Kundu iko upande wa bandari, kule ndani kupita Mtongwe. Viwanda vya nguo hufanya kazi kwa zamu. Je, zamu ya usiku ikiisha atarudi nyumbani kwa gari gani, na nauli yake ataitoa nani?