Mheshimiwa, Wiki Yako Imejaa Picha. Sheria Iko Wapi?



Jana saa mbili usiku simu yangu ililia kama kawaida ya kila Jumapili. Katibu wa mbunge wetu karusha "Wiki ya Mbunge" kwenye kundi la WhatsApp la jimbo. Mnaijua hiyo taarifa, hata ninyi wa majimbo mengine mnayo ya kwenu. Picha kumi na kitu, video moja yenye wimbo wa kusifu, na chini yake "Kazi iendelee". Sijamaliza hata kuisoma, chawa wameshajaa: "Jembe letu!" "Mitano tena!" Makofi mpaka skrini inaisha.

Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu. Jimbo letu liko Kanda ya Ziwa na mbunge wetu ni wa chama tawala, ambacho 2020 kilitangaziwa majimbo 256 kati ya 264. Jina simtaji. Nikilitaja tutaanza kubishana kuhusu mtu, na mimi nataka tubishane kuhusu kazi. Isitoshe, wabunge wa aina yake wako wengi, kila mmoja atamtambua wa kwake.

Niseme haki kwanza: mzee huyu si mvivu. Nimefuatilia wiki yake yote, posti kwa posti. Jumatatu aliuliza swali la nyongeza kuhusu barabara yetu ya kwenda makao makuu ya wilaya, akajibiwa kwamba Serikali "ipo kwenye mchakato". Jumanne alichangia bajeti ya wizara. Dakika za mwanzo zote alishukuru, akaanzia kwa Rais akashuka mpaka kwa naibu waziri, akaomba kituo cha afya, kengele ikalia, akasema anaunga mkono hoja asilimia mia moja. Jumatano alipokea wageni kutoka jimboni, wakapiga picha ya pamoja nje ya ukumbi. Ijumaa usiku alikuwa barabarani kurudi nyumbani. Jumamosi bati, jezi na mipira. Jumapili harambee kanisani.

Mtu anayeendesha gari kutoka Dodoma usiku kucha ili aje kwenye harambee ya kwaya anajituma. Hilo simnyimi.

Shida yangu ni ile picha ya nane.

Picha ya nane yuko sekondari ya kata, Jumamosi mchana, anagawa taulo za kike. Wasichana wamepangwa mstari na sare zao. Kwenye video anawaambia, "Someni wanangu, msikimbilie wanaume, ninyi ndio mama zetu wa kesho." Walimu wanapiga makofi. Na mimi, kusema kweli, nilikaribia kupiga makofi. Zile taulo zinahitajika. Nimesoma shule hiyo hiyo, najua msichana anavyokosa masomo kila mwezi kwa sababu ya kitu cha shilingi elfu mbili.

Halafu nikamwona nyuma ya uzio, pembeni ya fremu. Kambeba mtoto mgongoni na kamshika mwingine mkono.

Nilikaa naye dawati moja shule ya msingi. Mwaka 2015 tulimaliza darasa la saba, mimi nikachaguliwa, yeye hakuchaguliwa. Juni 2016, baada ya mavuno, aliolewa kwa ng'ombe. Alikuwa na miaka 15. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyekamatwa, hakuna polisi aliyeitwa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo na akala pilau. Mimi pia nilikula, nilikuwa mtoto, nilijua ni sherehe.

Miaka mitatu baadaye ndipo nilipofungua kitabu na kuelewa kwa nini hakuna aliyeitwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13: mwanaume aoe akiwa na miaka 18, mwanamke aolewe akiwa na 15. Mahakama inaweza kushusha mpaka 14. Kifungu cha 17: huyo binti aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya baba yake. Baba aliridhia. Kwa hiyo kila kitu kilikwenda "kisheria".

Kuna kifungu kingine ambacho mwalimu wetu alipokisoma darasa zima lilinyamaza. Kanuni ya Adhabu inasema kufanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka, akubali asikubali. Halafu inaweka "isipokuwa": isipokuwa kama ni mke wa huyo mwanaume, ana miaka 15 au zaidi, na hawajatengana. Someni tena polepole. Tendo ni lile lile, mtoto ni yule yule. Bila ng'ombe ni jinai, pakiwa na ng'ombe ni unyumba.

Sasa tuje kwenye kazi ya mbunge.

Tarehe 8 Julai 2016, mwezi mmoja baada ya harusi ile, Mahakama Kuu iliamua kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi. Ikasema vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali haikurekebisha, ikakata rufaa. Yaani pesa ya walipa kodi ilitumika kwenda kutetea ndoa ya mtoto wa miaka 15. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Hakuna mahakama nyingine juu ya hapo nchini. Mjadala wa kisheria uliishia siku ile.

Leo ni Mei 2024. Kitabu cha sheria bado kinasema 15.

Wenzangu wa sheria watanikumbusha Ibara ya 30(5) ya Katiba: mahakama ikitoa muda wa kurekebisha, sheria inahesabiwa halali mpaka irekebishwe au muda uishe, lipi litangulie. Na mimi nasoma hivyo hivyo, muda umeisha zamani. Lakini binti wa kijijini haishi na nakala ya hukumu. Anaishi na baba yake, na baba anaishi na kile ambacho kila mtu pale kijijini anakijua, kwamba 15 inaruhusiwa. Kumfikishia baba yule jibu tofauti ni kazi ya kutunga sheria, na Katiba imelipa Bunge kazi hiyo. Hakimu hawezi kubadilisha maandishi ya kifungu, mkuu wa wilaya hawezi, mimi siwezi. Mheshimiwa anaweza kulisukuma hilo.

Na kusukuma si mpaka Waziri alete. Kanuni za Bunge zinamruhusu mbunge yeyote kuleta muswada binafsi. Ibara ya 99 inamfunga mikono kwenye mambo ya kodi na matumizi ya fedha za Serikali, sawa. Kubadilisha "kumi na tano" kuwa "kumi na nane" kunahitaji kodi gani? Kunahitaji wino.

Msiniambie Bunge lina ratiba ngumu. Mkataba wa bandari na DP World uliridhiwa tarehe 10 Juni 2023, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Kumbe Jumamosi wanaweza kukaa! Walipotaka, bati na jezi zilisubiri.

Januari, Bunge likiwa halijaanza, Mheshimiwa alifanya mkutano kijijini kwetu. Nilikuwa likizo. Wakati wa maswali nikapanga foleni nyuma ya wazee, zamu yangu ikafika, nikamwamkia, "Shikamoo Mheshimiwa." Nikamuuliza moja kwa moja: hukumu ya 2019 inataka umri wa ndoa ubadilishwe, wewe umefanya nini?

Alitabasamu. "Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kuona tuna wakili mtarajiwa." Watu wakapiga makofi. Halafu akasema, "Mimi ni mhafidhina, sioni aibu kusema. Haya mambo ya ndoa ni ya mila na dini. Tukiyagusa tutabomoa familia. Usome mwanangu, lakini usisahau ulikotoka." Makofi tena. Kipaza sauti kikachukuliwa mkononi mwangu. Baba mdogo aliyekuwa amekaa mbele hakuongea na mimi siku mbili.

Sikupata nafasi ya kujibu pale. Najibu hapa.

Mheshimiwa, hiyo 15 si mila. Ni namba iliyoandikwa na Bunge la Jamhuri ya Muungano mwaka 1971, kwa mashine ya chapa, Dar es Salaam. Mababu zetu hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Halafu mila gani hiyo inamtaka kijana wa kiume afikishe 18 lakini dada yake ikamruhusu na 15? Kama mwili wa mvulana wa miaka 15 hauko tayari kwa majukumu ya nyumba, wa msichana anayetakiwa kubeba mimba humo humo unakuwaje tayari? Bunge liliandika namba hiyo, Bunge ndilo la kuifuta.

Unasema tutabomoa familia. Njoo nikupeleke kwa rafiki yangu uione familia. Ana miaka 23, watoto watatu, mume kaenda machimboni na harudi. Huyo hakubomolewa na kifungu kipya. Kile cha zamani ndicho kilichomfikisha hapo.

Wapo watakaosema tulishalimaliza hili mwaka 2016, pale Sheria ya Elimu iliporekebishwa na kuweka kifungo cha miaka 30 kwa anayeoa mwanafunzi. Marekebisho yale ni mazuri, nayaheshimu. Ila angalieni neno lenyewe: mwanafunzi. Anayelindwa ni yule aliye kwenye daftari la mahudhurio. Aliyefeli darasa la saba hayumo, na aliyeacha kidato cha pili kwa kukosa nauli hayumo. Wasichana waliopangwa mstari kwenye picha ya nane wana ulinzi wa sheria. Yule aliyesimama nyuma ya uzio hakuwa nao. Na si peke yake: utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 ulionyesha wanawake kama 3 kati ya 10 wenye umri wa miaka 20 mpaka 24 waliolewa kabla ya kufikisha 18.

Nawasema wa chama tawala, lakini tusijidanganye, na kwetu wapo. Nimekaa vikao vya vijana ambako ajenda ya Katiba Mpya inachukua saa tatu, na nikitaja umri wa ndoa kuna kamanda anacheka, "Hayo mambo ya akina mama, tumalize kwanza ya msingi." Kamanda, mtoto kuuzwa ndilo la msingi. Kama tunataka watu watupe Bunge, tuwaambie tutalifanyia nini, na hili liwemo ukurasa wa kwanza.

Na zile bati 100, nisiziache zipite. Ipo Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ya mwaka 2009. Fedha inatoka Serikalini, mbunge ni mwenyekiti wa kamati inayoipangia matumizi. Ni fedha yako na yangu. Bati la mfuko huo likija limechapwa picha ya Mheshimiwa, tunashukuru kwa kurudishiwa chenji yetu. Mtu mmoja anatumia nusu ya wiki kutugawia vyetu, na ile kazi ambayo kwa ngazi yake hakuna mwingine wa kuifanya haimo kwenye picha hata moja.

Sasa tufanye nini? Lalamika zimetosha. Jumapili ijayo "Wiki ya Mbunge" ikirushwa kwenye kundi la jimbo lako, usitukane. Matusi ndiyo wanayosubiri wakutoe kwenye kundi. Salimia vizuri, kisha uliza mambo matatu. Wiki hii Mheshimiwa amesimamia sheria gani? Msimamo wake kuhusu kifungu cha 13 ni upi, ndiyo au hapana? Na kama ni ndiyo, muswada ataleta lini? Wakifuta, uliza tena wiki ijayo. Wakikutoa, mwenzako aulize. Mwaka huu kuna uchaguzi wa serikali za mitaa, mwakani uchaguzi mkuu. Wataanza kuona maswali haya yana kura nyuma yake.

Nilimpigia rafiki yangu jana usiku, nikamwambia nimemwona kwenye picha. Akacheka, akasema alipita tu, alikuwa anatafuta dawa ya mtoto. Nikamuuliza mkubwa anaendeleaje. Yuko darasa la kwanza, ana miaka saba, anajua kuandika jina lake.

Bado miaka minane afikishe 15. Na Bunge, tangu hukumu ya Mahakama Kuu mpaka leo, limeshakula karibu miaka minane.

Mheshimiwa, taulo tumepokea, asante. Tunasubiri sheria.

Nguvu ya umma!